Bi Hawa hakupata nyumba: vitabu na madesa ya sheria yanavyotupoteza

mwana_wa_kilosa

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria kwenye chuo kimoja hapa Tanzania. Kuna jambo limenikaba tangu semina ya wiki iliyopita, nimeona nilete hapa kwa sababu najua wapo wengi lililowakuta.

Semina ilikuwa ya sheria ya ndoa, mada ni mgawanyo wa mali baada ya talaka, yaani kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilikuwa zamu yangu kuwasilisha. Nikasimama nikaeleza kwamba kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali, kwa hiyo Bi Hawa akapewa sehemu yake ya nyumba. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Alipewa kiasi gani?" Nikakaa kimya. Akageukia darasa. "Nusu? Theluthi?" Kimya. Tulikuwa zaidi ya thelathini mle ndani na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisoma hukumu yenyewe. Sote tulikuwa na desa moja, yaani muhtasari wa somo, lile linalotolewa kopi steshenari ya nje ya geti, na wachache walikuwa na kitabu ambacho desa limenyofolewa humo. Vyote viwili vina sentensi ileile: mahakama ilimpa haki yake.

Usiku huo nikaitafuta hukumu TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, nikaisomea kwenye simu. Bi Hawa hakupata kitu kwenye nyumba ile. Jaji Mkuu Nyalali aliikubali kanuni, tena kwa maelezo ya wazi kabisa: sheria inataja mchango wa fedha, mali au kazi, na kazi ya mke nyumbani ni kazi. Lakini mahakama ikaona kwamba mume alikuwa amempa mkewe fedha za mradi wa familia na fedha zile zikatapanywa, basi mchango wake ukamezwa na hasara hiyo. Kanuni ikabaki, mama akaondoka mikono mitupu. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja kwenye hukumu. Ukichukua moja ukaacha la pili, umebaki na kesi ambayo haijawahi kuamuliwa na mtu. Na wakili atakayeingia mahakamani na desa langu atamwahidi mama wa watu nyumba.

Nilikasirika, na hasira haijaisha, ndiyo maana naandika.

Tangu siku hiyo nimeanza kulinganisha vitabu na sheria zenyewe, kifungu kwa kifungu, kila jioni baada ya vipindi. Ninachokuta kinatisha. Chukueni sheria ya mikataba. Desa letu linafundisha kwamba ili ahadi iwe mkataba, yule aliyeahidiwa lazima awe ametoa kitu yeye mwenyewe. Kesi inayotajwa ni ya Uingereza, Tweddle dhidi ya Atkinson, ya mwaka 1861: wazee wawili wa pande mbili za ndoa walikubaliana kila mmoja amlipe kijana anayeoa, baba mkwe akafa hajalipa, kijana akashtaki akashindwa kwa sababu yeye hakutoa chochote. Sawa. Sasa fungueni Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, kifungu cha 2(1)(d). Inasema yule aliyeahidiwa *au mtu mwingine yeyote*. Maneno hayo yapo pale wazi! Yalikuja kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Tanganyika iliitumia mpaka ilipotunga ya kwake mwaka 1961 kwa kuifuata ileile ya India. Mwandishi wa desa alikaa na kitabu cha Kiingereza mezani, akanakili kanuni ya London, wala hakufungua sheria ya nchi anayofundishia. Na Waingereza wenyewe walikwishapitisha sheria mwaka 1999 kumruhusu mtu wa tatu kudai haki kwenye mkataba uliofanywa kwa faida yake. Kwa hiyo tunakariri kitu ambacho kwetu si hivyo, na kwa wenyewe kimekwisha kuguswa.

Halafu kuna uandishi wenyewe. Kitabu chetu cha utangulizi wa sheria ya ardhi kina aya moja nimeihesabu mistari: kumi na tisa, nukta moja. Inaanza na msemo wa Kilatini ambao hautafsiriwi, inaingia kwenye kesi bila kusema nani alimshtaki nani, inataja Sura ya 113 bila kusema ni ipi. Hapo mgeni ataumia, maana Sura ya 113 ilikuwa namba ya ile Sheria ya Ardhi ya mkoloni ya 1923, na ndiyo hiyohiyo namba iliyopewa Sheria ya Ardhi ya 1999. Mwandishi anarukaruka kati ya hizo mbili kama vile ni kitu kimoja. Nilisoma aya hiyo mara sita nikidhani tatizo ni kichwa changu. Mwezi mzima nilijiona sifai kusoma sheria. Kuna mwenzetu mmoja, mtoto wa mkulima kama mimi, aliacha masomo mwaka wa kwanza akiwa na imani hiyohiyo kwamba akili yake haifiki, na mimi leo naamini akili yake ilikuwa inafika vizuri tu.

Kinyume chake, someni ukurasa wa kwanza wa hukumu ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Inaanza na baba na mwana, wakazi wa Kambi ya Simba kule Mbulu. Walishtaki kudai kipande chao cha ardhi ya kimila, wakashinda. Halafu ikaja sheria ya 1992 kufuta haki za watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipohamishia watu vijijini miaka ya 1970. Baba na mwana wakauliza: tulichoshinda kimekwenda wapi? Ndipo mahakama inaanza kujibu kama haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na inajibu kwamba ndiyo. Unaelewa kila hatua. Hakuna aya ya kukusumbua. Jaji Mkuu wa nchi aliweza kuandika hivyo, kwa nini mwandishi wa kitabu cha mwanafunzi asiweze?

Naomba waliotutangulia mtuambie mlisomaje, na ni nani anapaswa kuandika vitabu hivi upya.

nyundo_ya_haki

Kijana, sisi tulisoma wakati hakuna hiyo TanzLII. Tulipanga foleni maktaba kushika ripoti za kesi za Afrika Mashariki, nakala moja watu mia, na kurasa nyingine zimechanwa. Hatukulalamika. Sheria ni kusoma. Mtu asiyependa kusoma aende fani nyingine.

mwana_wa_kilosa

Shikamoo mzee. Nakubali kabisa kwamba sheria ni kusoma, na hapo juu nimeeleza kwamba sasa nasoma hukumu zenyewe. Lakini nitazame upande wangu. Mwalimu anatoa orodha ya kesi arobaini kwa mada moja, na wakati huohuo kitabu kinasimama katikati yangu na kesi kikiniambia uongo. Nyinyi mlikosa ripoti, lakini mlipoipata ilisema kweli.

nyundo_ya_haki

Marahaba. Hilo la uongo silitetei. Kitabu kinachobadilisha matokeo ya kesi ni kibovu hata angekiandika nani.

wakili_arusha

Nimekuwa wakili wa kujitegemea kwa miaka tisa na kila mwaka napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Niongeze mfano wa hatari zaidi.

Mwaka jana nilikuwa na shauri la jinai, shahidi mkuu mtoto wa miaka tisa. Kijana wangu wa mafunzo, mtu makini, alikesha kuniandalia hoja. Asubuhi akaniletea kurasa nne akidai ushahidi wa mtoto uondolewe kwa sababu hakimu hakumhoji kwanza kupima kama ana akili ya kutosha na kama anaelewa wajibu wa kusema kweli. Aliandika kwa ufasaha. Shida ni kwamba utaratibu huo ulifutwa mwaka 2016, pale kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kiliporekebishwa na Sheria Namba 4 ya mwaka huo. Tangu hapo mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza hata namna ya kulifanya hilo, kwenye Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri: hakimu amuulize mtoto maswali mepesi kuhusu umri, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na asipoelewa aahidi kusema kweli.

Nikamuuliza kijana ametoa wapi. Akanionyesha kitabu. Kimechapishwa upya baada ya 2016, jalada jipya, picha mpya ya mizani, ndani hakikuguswa neno.

Fikirieni uzito wake. Kanuni ile ya zamani ilikuwa inaangusha kesi za watoto walionajisiwa kwa sababu tu hakimu alikosea mpangilio wa maswali. Bunge likaiondoa. Na sisi tunaendelea kuwafundisha mawakili na mahakimu wa kesho kama bado ipo.

Sasa hivi mambo yameongezeka. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na kwenye sheria kadhaa namba za vifungu zimehama. Ukisoma kitabu cha juzi ukaenda na namba yake mahakamani, karani atakutazama. Hili si kosa la waandishi, lakini ndilo litakaloonyesha nani anarekebisha kitabu chake na nani anabadilisha jalada.

binti_likoni

Hamjambo wenzangu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nasoma sheria Kenya, nyumbani ni Likoni. Uzi huu umenigusa sana.

Kwanza huo mfano wa mikataba. Huku kwetu mambo ni kinyume. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, yasema wazi kwamba sheria ya Kiingereza ya mikataba ndiyo itumikayo Kenya. Hata sisi tulikuwa chini ya ile ya India mpaka mwisho wa 1960, kisha tukashika njia ya Uingereza na nyinyi mkabaki kwenye ya India. Kwa hiyo kitabu cha London cha mikataba kinanifaa mimi, na wewe kaka wa Kilosa kingekufaa zaidi kitabu cha Delhi. Lakini duka la vitabu latuuzia sote kile kimoja chenye maandishi "Afrika Mashariki" juu ya jalada. Nchi tofauti, sheria tofauti, kitabu kimoja. Tangu nilipolijua hilo, kila kitabu chenye jina la Afrika Mashariki nafungua kwanza orodha ya sheria mwishoni nione zimetajwa za nchi gani.

La pili ni la moyoni. Sote tunafundishwa kwamba sheria ya Kiingereza haiwezi kuhamishwa nzima nzima kuletwa Afrika, na vitabu vyote hutaja mfano wa Jaji Denning wa Uingereza kuhusu mti wa mwaloni: ukiuhamishia udongo wa kigeni usitarajie ukae vilevile ulivyokuwa kwao. Nilikariri mwaloni ule mwaka mzima. Kesi ni Nyali Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya vitatu nilivyosoma kilichoniambia kwamba ni Nyali hii yetu ya Mombasa! Kwamba ugomvi ulikuwa wa daraja la kuvukia kutoka kisiwani kwenda bara, kampuni yenye daraja yadai ushuru wa magari ya jeshi. Babu yangu alilivuka daraja lile. Lau kitabu kingenipa mistari miwili tu ya daraja na ushuru, nisingehitaji kukariri kitu. Mimi wa Likoni, niliyekulia kwenye kungojea feri, ndiye wa kufichwa habari ya daraja?

Kwa upande wa hukumu sisi tuna bahati, Kenya Law yaweka kesi na sheria bure kwenye mtandao miaka mingi sasa. Vitabu ndivyo vinavyotuangusha. Maktaba yetu bado imejaa vya sheria ya katiba vilivyoandikwa kabla ya Katiba ya 2010, na rafu ile ndiyo ya kwanza kuiona ukiingia mlangoni.

mwana_wa_kilosa

Dada, asante sana. Hilo la Nyali nimelisoma mara mbili. Desa letu linao mwaloni, daraja halina.

mhadhiri_wa_jioni

Nafundisha sheria chuo kikuu, na nimewahi kuandika kitabu kimoja. Nimesita kuandika hapa, lakini mmezungumza kwa heshima, nami nitasema ninachokijua.

Kwanza nimrekebishe mwana_wa_kilosa kidogo, kwa upendo. Umesema kifungu cha 2(1)(d) kinapindua Tweddle. Nusu yake ni kweli. Kifungu kinajibu swali la *nani anaweza kutoa* kile kinachoifanya ahadi iwe na nguvu, na jibu ni mtu yeyote. Lakini lipo swali la pili: *nani ni mshirika wa makubaliano?* Yule kijana wa Tweddle hakuwa sehemu ya mapatano ya wazee. Kuna kesi ya India, Chinnaya dhidi ya Ramayya, ambayo kitabu chako kingepaswa kuiweka pembeni ya hiyo. Mama alimpa binti yake mali kwa sharti kwamba binti amlipe ndugu wa mama kiasi fulani kila mwaka. Binti akaingia makubaliano na ndugu huyo kwamba atalipa. Baadaye akagoma, akidai ndugu hakutoa chochote. Mahakama ya Madras ikasema mali ilitolewa na mama, inatosha. Angalia vizuri: ndugu yule alikuwa na makubaliano yake mwenyewe na binti. Hapo ndipo anapotofautiana na kijana wa Tweddle. Ukiweka kesi hizi mbili ukurasa mmoja, mwanafunzi anaona mpaka ulipo bila kuambiwa.

Sasa kwa nini hatuandiki hivyo? Nitawaambia kwa upande wangu. Kitabu changu kilinichukua miaka minne. Kila usiku, baada ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi mia tatu na kitu. Nilipochapisha, nakala ya kwanza ilinunuliwa na mwanafunzi mmoja aliyeipeleka steshenari, na kufikia mwisho wa muhula darasa zima lilikuwa nayo kwa kopi. Siwalaumu, najua bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, linavyoisha kabla ya mwezi. Lakini mchapishaji alipohesabu mauzo hakutaka tena kusikia habari ya toleo la pili. Sheria zimebadilika mara tano tangu hapo, na kitabu kile kile bado kinatolewa kopi. Kila ninapokiona mikononi mwa mwanafunzi najua ukurasa upi una kosa sasa, na sina namna ya kuufikia.

Na kwenye kupandishwa cheo, makala niliyoandika kwa wiki sita kwa ajili ya jarida la nje ilinisaidia kuliko kitabu cha miaka minne. Mtu mwenye watoto wanaosoma atachagua nini? Huo ndio mlango unaoleta madesa: anayejua haandiki, anayeandika anakusanya vipande.

Kuhusu lugha, hapo kosa ni letu walimu bila kutafuta sababu. Tulifundishwa kwamba sentensi ndefu ndiyo ya kisomi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikatwa alama kwa kuandika sentensi fupi, nikajifunza kuzirefusha, nami nikaja kuwakata wengine. Nimeacha.

wakili_arusha

Mwalimu, umesema jambo zito. Mahakamani ni kinyume kabisa. Jaji ana mafaili mengi, hoja yako ikizidi kurasa anazotaka hasomi. Vijana wanatufikia wakiwa wamefundishwa kurefusha, tunaanza kuwafundisha kufupisha. Kumbukeni matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopita wenye shahada kabla ya kuwa mawakili, yaliyotikisa nchi Oktoba 2022: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia mitihani 342, walioondolewa 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu: wanafunzi, walimu, vyuo, shule yenyewe. Mimi nilikuwa nawaza meza za vijana wale, vitabu gani vilikuwa juu yake kwa miaka minne iliyotangulia.

hakimu_wa_mwanzo

Wapendwa, mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, sitasema wapi. Nataka kugusa jambo ambalo naona mnalizunguka.

Lugha ya mahakama yangu ni Kiswahili, na imekuwa hivyo kisheria siku zote. Kila siku naeleza sheria kwa Kiswahili kwa watu ambao hawajasoma: mirathi, madai, talaka, wizi. Mama anasimama mbele yangu anataka kujua kama shamba alilolima miaka ishirini ni lake pia. Siwezi kumwambia maneno ya kitabu. Namwambia, "Mama, sheria inatazama ulileta nini: fedha, mali au kazi. Tueleze kazi uliyofanya." Anaelewa, anaeleza, na ushahidi unatoka. Hicho ndicho kifungu cha 114, chote.

Lakini mimi mwenyewe nilisomeshwa kifungu hicho kwa Kiingereza, kwa aya kama ile ya mistari kumi na tisa. Miezi yangu ya kwanza kazini nilikuwa nakwama katikati ya sentensi mbele ya wadaawa kwa kukosa neno. Wazee washauri ndio walionisaidia. Mzee mmoja alinisikiliza nikihangaika kueleza kile kinachoifanya ahadi iwe mkataba, akasema, "Hakimu, si unataka kusema *nipe nikupe*?" Nilitaka kusema hivyohivyo. Nimelitumia neno hilo mpaka leo, na hakuna mdaawa aliyeniomba nirudie.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Kabla kidogo, Jaji Zephrine Galeba akiwa Musoma alikwishaandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na Februari mwaka huohuo Rais Magufuli akamteua Mahakama ya Rufani. Tulifurahi. Lakini nendeni duka la vitabu mtafute kitabu cha shahada kuhusu ushahidi, au mikataba, au ardhi, kilichoandikwa kwa Kiswahili kizuri tangu ukurasa wa kwanza. Hukumu za Kiswahili zinakuja, sheria zinatafsiriwa, na mwanafunzi bado anajifunza kwa vitabu vya Kiingereza kibovu vilivyonakiliwa kutoka Kiingereza kizuri. Mwalimu wa jioni, nakuomba: kitabu chako kijacho kiandike kwa Kiswahili. Mimi nitakusomea rasimu, na wenzangu wawili kituoni wako tayari.

mhadhiri_wa_jioni

Mheshimiwa, umeniweka mahali pagumu, na nashukuru. Nimekuandikia faragha.

nyundo_ya_haki

Hilo la nipe nikupe nimelipenda. Miaka yangu yote ya uwakili sikuwahi kulisikia likisemwa kwa maneno mawili.

mwaka_wa_kwanza

Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi ndio nimeanza muhula huu. Nimesoma uzi wote tangu juu na jana usiku nimeisoma hukumu ya Bi Hawa, imenichukua saa mbili. Nimejaribu kuiandika kwa maneno yangu kwa ajili ya wenzangu chumbani. Naomba mnisahihishe kabla sijawapa:

"Mke na mume waliachana. Mke akadai sehemu ya nyumba. Mahakama za chini zikasema hana kitu kwa sababu alikuwa mama wa nyumbani. Akakata rufaa. Swali: kazi ya nyumbani ni mchango? Jibu la Mahakama ya Rufani: ndiyo. Swali la pili: basi apewe nyumba? Jibu: hapana, kwa sababu mume alimpa fedha za mradi na zikapotea mikononi mwake. Kwa hiyo rufaa ikakataliwa, lakini kanuni ya kwanza inatumika mpaka leo."

mwana_wa_kilosa

Mdogo wangu, hiyo ni bora kuliko desa langu la miaka miwili. Ongeza namba ya kifungu, mwaka wa hukumu, na jina la jaji. Halafu pale "zikapotea mikononi mwake" weka neno la mahakama lenyewe, maana kupotea na kutapanya si kitu kimoja, na kesi nzima imesimama hapo.

wakili_arusha

Naongezea: andika pia ni mahakama gani ilianza kuisikiliza. Mteja atakuuliza aanzie wapi.

mwaka_wa_kwanza

Nimeweka yote, asanteni. Leo jioni naanza ya Lohay Akonaay. Kuna mtu anajua kama Operesheni Vijiji imeelezwa mahali kwa ufupi? Hukumu inaitaja kama kitu ambacho kila mtu anakijua, na mimi nimezaliwa 2005.

nyundo_ya_haki

Njoo faragha, nitakueleza. Mimi nilihamishwa nikiwa na miaka kumi na moja.